Bibi Salme: Riwaya ya Mapenzi Bila Kuipaka Historia Asali

Mtunzi anayetafuta mapenzi ya kifalme yaliyochanganyika na njama ana kisa kamili hapa Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, alikuwa karani wa njama ya kumpindua kaka yake, Sultan Majid. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Linalobishaniwa ni hili: je, maisha hayo yafanywe riwaya ya mapenzi, au kufanya hivyo ni kuipaka historia asali?

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, Salme anasimulia maisha ya kasri kirefu, lakini penzi lake amelipitia mbiombio na mimba hakuitaja kabisa. Mwanahistoria akifika hapo hana budi kusimama. Mtunzi anaweza kuingia.

Ila aingie kwa mlango sahihi, nao ni kalamu. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Mfupa huo una kazi kubwa katika riwaya kuliko kidani chochote cha dhahabu, kwani ndio uliomfanya dada yake Khole na kaka yake Barghash, aliyekitaka kiti cha Majid, wamhitaji. Njama inataka barua, na barua inataka mkono usioweza kutoa siri. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa akiwa kavishwa nguo za kike, macho tu yakionekana, akakimbilia shamba liitwalo Marseilles, hukohuko Unguja. Waingereza wakamsaidia Majid, uasi ukavunjika, Barghash akapelekwa Bombay.

Kosa ninaloliona kubwa ni kuitenga njama na mapenzi, kana kwamba ni visa viwili. Salme alipopatana na Majid, nduguze wa upande wa Barghash walimsusa. Upweke huo ndio uliomkuta alipokuwa jirani wa Ruete mjini, madari ya nyumba zao yakitazamana. Ukiuondoa uasi, penzi linabaki halina chanzo.

Wanaopinga wanauliza: nani alibeba barua? Kasri iliishi kwa mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu. Salme mwenyewe alikuwa na mashamba, na katika kitabu chake aliutetea utumwa. Kumgeuza mpigania uhuru wa wote ni uongo. Hapa nawaunga mkono wapinzani, lakini dawa si kuitupa riwaya. Mpe mbeba barua jina, hofu na tamaa yake, maana akikamatwa yeye hakuna manowari itakayomngoja.

Yapo na makosa madogo yanayomwangusha mtunzi. Kasri ya Beit al Ajaib ilijengwa mwaka 1883, kwa hiyo Salme hawezi kupita mbele yake akitoroka. Kanga zenye maandishi bado hazikuwapo. Mvishe shele na barakoa. Alitoroka mwezi Agosti, Siku ya Mwaka, wanawake wanaposhuka pwani kuoga, na huo ni msimu wa kusi. Ukimsafirisha kwa jahazi kwenda Aden mwezi Januari, umemkabilisha na kaskazi, na msomaji wa pwani atakifunga kitabu.

Halafu kuna suala la mwisho. Wengi wangefungia juu ya manowari, au harusini Aden tarehe 30 Mei 1867, siku hiyohiyo aliyobatizwa na kuitwa Emily. Mimi nasema hapo riwaya haijafika nusu. Mtoto aliyezaliwa Aden alifariki mwaka huohuo wakielekea Ujerumani. Mwaka 1870 Ruete alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwacha mjane wa miaka 25 na watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja chini ya ulinzi wa manowari za Kijerumani. Wakati huo Sultani alikuwa Barghash, yule ambaye Salme aliandika barua za siri kwa ajili yake miaka 26 nyuma. Akakataa kumpokea.