Usinunue volti za kwenye stika

Pita Kariakoo au Gerezani utaikuta misumeno ya duara ya betri imepangwa mbele ya maduka, kila mmoja na namba yake kubwa ubavuni: 21V, 48V, 88V, 128V. Juzi kati nimeona hadi wa 288V. Boksi ni lilelile la plastiki, bei zinakaribiana, na muuzaji hana wasiwasi hata kidogo: "Bosi, chukua hii ya 128, hiyo ya 21 ni ya watoto."

Msimamo wangu: namba hiyo usiitazame kabisa. Ukitaka kujua msumeno una nguvu gani, uliza kilichomo ndani ya betri.

Nyingi ukizifungua, baada ya kutoa skrubu za chini, utakutana na seli za lithiamu za mviringo zinazoitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Seli moja ni volti 3.6 za kawaida, na ikijaa inapanda hadi 4.2. Unga tano mfululizo unapata 18; zikitoka tu kwenye chaja zinasoma karibu 21. Kwa hiyo 18V, 20V na 21V ni mtu na ndugu zake, tofauti ni nani amepima saa ngapi. DeWalt wenyewe zana zao zinaandikwa 20V Max Marekani na 18V Ulaya, na hawafichi kwamba volti za kazi ni 18.

Sasa hiyo 128V inatoka wapi? Ingekuwa kweli, ungehitaji seli zaidi ya 35 kwenye mstari mmoja. Seli peke yake zingezidi kilo moja na nusu, achilia mbali kasha lake. Hicho kiboksi kinachoenea kiganjani hakina pa kuziweka. Ni seli tano zilezile na stika mpya.

Kinachotofautisha betri na betri ni mistari. Seli tano ni mstari mmoja. Seli kumi ni mistari miwili inayosaidiana, volti zinabaki 18 lakini umeme unaoweza kutoka kwa mara moja unaongezeka maradufu. Seli nzuri ya zana inavumilia kutoa kama ampea 20. Mistari miwili ni 40, zidisha kwa 18, unapata wati 720 hivi. Mstari mmoja wa seli za bei poa hauwezi hata nusu ya hapo, na ndiyo maana ule msumeno ulionguruma vizuri dukani ukifika kwenye mbao mbichi unakwama, betri inachemka, unazima. Mteja anailaumu mbao.

Muuzaji hatakuruhusu ufungue betri dukani, na ana haki. Lakini hawezi kukukataza kuipima. Seli moja ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, kwa hiyo seli kumi zinakaribia nusu kilo kabla hujaongeza kasha. Betri inayojiita ampea 5 au 6 (hapa ni ampea-saa, yaani chaji inayobeba, si ule umeme wa kutoka kwa mara moja) halafu mzani unasoma gramu 350, humo mna seli tano tu, na hakuna 18650 inayobeba ampea 6 peke yake. Zilizo bora kabisa zinaishia 3.5 hivi. Duka la jirani linalouza mchele lina mzani. Watakushangaa, wacha wakushangae. Kipimo hiki kinasaidia pia kwa betri zenye stika ya Makita ambazo Makita hajawahi kuziona.

Baada ya betri swali linalofuata ni wewe ni fundi wa nini, na hapa ndipo nitawaudhi watu.

Kama una karakana Keko, unachana mninga na mkongo kutwa nzima, umeme upo ukutani, sioni kwa nini uhangaike na betri. Msumeno wa waya, yaani wa kuchomeka kwenye soketi, wenye bledi ya milimita 185 unatoa wati 1,200 na zaidi bila kupumzika, na bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko msumeno mzuri wa betri ukijumlisha betri mbili na chaja. Umeme ukikatika kuna kazi nyingine za mkono, piga msasa, paka vanishi.

Anayeuhitaji huo wa betri ni fundi wa kupaua. Yuko juu ya ukuta, kenchi (fremu za paa) zimesimama, papi (mbao za kupigia bati) zimeshapigwa, kinachobaki ni kusawazisha ncha zinazochungulia nje ili fishaboadi, ubao wa kuziba ncha hizo, ikae kwenye uzi. Kwa msumeno wa waya inabidi ekstensheni ipande juu, dogo asimame chini akiuachia na kuuvuta, na waya unajikwaa kwenye kila msumari. Saiti nyingi wakati wa kupaua hazina hata umeme, kuna jenereta inayokunywa petroli ili tu mtu akate ncha ishirini. Hapo msumeno wa betri unafanya kazi ya nusu siku kwa muda wa kunywa chai. Misumeno mingi ya betri inatumia bledi ya milimita 165 inayokata kina cha milimita 55 hivi, kwa hiyo mbao ya inchi mbili inapita kwa mkupuo mmoja. Ya nne kwa nne utageuza ukate upande wa pili. Kuchaji betri ya ampea 5 kunakula kama sehemu ya kumi ya yuniti moja ya umeme, hata mama mwenye kibanda cha chai jirani na saiti hatakunyima soketi.

Fundi wa blandaringi (fremu ya mbao ya kushikilia dari) na dari naye nampa ruhusa, ila kama kazi zako ni gipsam zaidi kuliko mbao, huhitaji.

Bledi nayo ni suala jingine. Kwa mbao za paa chukua ya meno 24, yenye vidonge vya kabaidi kwenye ncha, na nyembamba kadiri utakavyopata. Wembamba una maana kubwa kwenye betri: bledi ya milimita 1.6 inatoa unga kidogo kuliko ya 2.4, na kila unga unaotoka betri imeulipia. Plaiwudi na maboadi ya makabati yanataka meno 40 au zaidi, la sivyo uso unachanika. Na pima tundu la katikati kabla hujalipa. Kuna misumeno ya tundu la milimita 20 na mingine ya karibu 16, na bledi inayocheza kwenye mhimili usiikubali hata kama muuzaji anasema "itajikaza yenyewe".

Kuna jambo ambalo kila nikipita saiti linanikera. Mtu anaona msumeno ni ghali, anachukua grenda, anatoa kinga, anafunga bledi ya mbao yenye meno. Grenda ndogo inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa duara unazunguka kama 5,000, una sahani ya kulala juu ya mbao, una kinga inayojirudisha. Grenda haina sahani, na bledi ikibanwa kidogo tu inaruka kuelekea kwa aliyeishika, usoni au pajani. Kama hela ya msumeno haijatimia, msumeno wa mkono bado unauzwa na unakata mbao vizuri tu.

Tena msumeno wa betri una hatari yake ambayo wa waya hauna: hakuna plagi ya kuchomoa. Betri ikiwa mahali pake, msumeno uko hai muda wote. Toa betri kwanza ndipo ubadilishe bledi, hata kama unabadilisha kwa sekunde kumi. Dukani jaribu vitu viwili. Bonyeza kitufe cha kuwashia bila kubonyeza kile kidogo cha usalama, ukiwaka, rudisha. Halafu uwashe na uachie, uone bledi inasimama upesi au inaendelea kuzunguka peke yake mpaka ichoke. Wenye breki nzuri unasimama ndani ya sekunde chache.

Kuhusu kampuni sitakuchagulia. Makita wameshikilia kiti kilekile cha betri zao za 18V tangu 2005, na hilo linanishawishi kuliko tangazo lolote, maana betri ya leo inaingia kwenye drili ya zamani. INGCO na TOTAL bei zao zinashikika zaidi. Kama tayari una drili ya kampuni moja, nunua msumeno wa kampuni hiyohiyo bila betri, utaokoa hela nyingi. Ukiweza, chukua wenye mota isiyo na kaboni (brushless), betri inadumu zaidi kwa chaji moja na hutahangaika kutafuta kaboni za kubadilisha. Na betri zote, za bei yoyote, hazipendi kuachwa ndani ya gari lililofungwa juani saa saba mchana.

Halafu kuna wanaoagiza kwa ndugu. Ndugu aliyeko Dubai au Muscat hana tabu, umeme wao ni kama wetu na chaja itafanya kazi. Wa Marekani mwambie aache chaja huko: nyingi zimetengenezwa kwa volti 120, na ukiichomeka kwenye 230 zetu utasikia mlio mmoja tu. Na betri isiwekwe kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege. Za akiba zinabebwa mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa, na mpaka wa kawaida ni wati-saa 100. Ampea 5 kwa volti 18 ni wati-saa 90, inapita. Ampea 6 ni 108, hiyo mpaka shirika la ndege likubali kwanza, kwa hiyo mwambie anunue mbili za 5.