Kusimama njia panda nako kunashinda watu?

Jamani, utaratibu tunaambiwa kabla hata ya kuwasha pikipiki: kiongozi akikata kona, anayemfuata anabaki pale kuonyesha njia mpaka wa mwisho apite. Basi. Lakini kuna ndugu yetu mmoja, kila matembezi ya klabu, anasimama nusu dakika, anachoka, anaondoka zake!

Jumapili tumefika njia panda wanne, hakuna mtu, vumbi limeshatua. Tukabahatisha kushoto. Kilomita 12 za changarawe, tairi la nyuma linateleza kama kambale, hadi kwenye geti la shamba la watu. Waliotupokea ni mbwa.

Tunawakuta wenzetu wameshakula, naye, kofia ngumu mapajani, anatuuliza, "Mlikuwa wapi?"