Mpwa Wangu na Orodha ya Watu Watano

Wiki mbili zilizopita niliombwa kujaza fomu fupi kwa ajili ya kijitabu cha kumbukumbu cha chama ambacho nimekuwa mwanachama wake kwa miaka mingi. Swali lilikuwa moja tu: taja watu watano waliochangia zaidi kuujenga mtazamo wako wa kisiasa na wa maisha kwa jumla. Niliijaza kwa dakika tatu, na kasi hiyo peke yake ingepaswa kunishtua. Niliandika Nelson Mandela, Mahatma Gandhi, Martin Luther King, Julius Nyerere na, kwa kuwa nafasi moja ilikuwa imebaki na sikutaka kuonekana mtoto asiye na shukrani, mama yangu.

Mpwa wangu, ambaye yumo katika umri wa kusoma kila karatasi anayoikuta mezani, aliichukua ile fomu, akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Mjomba, Gandhi alikubadilisha nini?" Nikaanza kumweleza habari za maandamano ya chumvi ya mwaka 1930. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipovuta pumzi, ndipo akasema, "Hayo aliyoyafanya yeye nayajua. Nimeuliza wewe ulibadilika nini."

Nilikasirika, na wala si kwa sababu alinikosea heshima, maana hakunikosea. Nilikasirika kwa sababu sikuwa na jibu, na nimekaa na hasira hiyo mpaka leo ninapoandika makala haya.

Tazameni orodha hizi popote zinapochapishwa, mtaona kwamba majina ni yaleyale, kana kwamba wote tulisomea darasa moja. Mandela anashika namba ya kwanza katika orodha ya mtu ambaye hajasemezana na ndugu yake wa tumbo moja kwa miaka minane. Gandhi anatajwa na bwana anayewafokea wasaidizi wake mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mama naye huwekwa mwishoni, baada ya watu wanne ambao hawakuwahi kukesha na mwenye orodha hata usiku mmoja alipokuwa na homa. Haya ni mapambo. Tunayavaa majina makubwa kama tunavyovaa nguo za kwenda harusini, na tukirudi nyumbani tunayatundika ukutani.

Kumstahi mtu ni jambo moja, na kuathiriwa naye ni jambo jingine kabisa. Kwangu mimi, aliyeniathiri ni yule ambaye, kama asingepita katika maisha yangu, leo ningekuwa bado ninashikilia rai niliyokwisha kuiacha, au nisingekuwa ninafanya jambo ninalolifanya kila siku. Pasipo badiliko la namna hiyo, hata kama picha yake imejaa ukuta mzima, mtu huyo ni mgeni wa heshima tu.

Mfano unaonikera zaidi ni wa King mwenyewe, kwa sababu kila anayejua mambo mawili matatu atakuambia kwamba King aliathiriwa na Gandhi, kisha atafunga mjadala hapo. Ni kweli kwamba King alikuwa amesoma habari za Gandhi tangu alipokuwa mwanafunzi wa theolojia, na mwaka 1958 alipoandika kuhusu safari yake ya kifikra aliwapa nafasi kubwa wanafikra wa aina hiyo, waliomfikia kwa njia ya vitabu. Lakini tarehe 30 Januari 1956, wakati wa mgomo wa Montgomery, Marekani, ambako watu weusi walisusia mabasi yaliyowabagua, nyumba yake ilipotupiwa bomu huku mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani, vitabu vile vilibaki rafuni. Walinzi wenye bunduki wakawekwa nyumbani, na King mwenyewe akaomba kibali cha kumiliki bastola, akanyimwa. Simlaumu hata kidogo, maana nani kati yetu angefanya vinginevyo? Ninachosema ni kwamba, mpaka wakati huo, Gandhi alikuwa bado hajaingia katika nyumba ile.

Aliyemwingiza alikuwa Bayard Rustin, mwanaharakati Mmarekani mweusi, aliyefika Montgomery mwezi Februari mwaka huohuo. Rustin alikuwa amekwisha kufungwa gerezani kwa kukataa kupigana katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1948 alikuwa amekwenda India kuwaona kwa macho yake watu waliofanya kazi pamoja na Gandhi. Inasimuliwa kwamba mwandishi wa habari aliyefuatana naye kwenda nyumbani kwa King nusura akalie bastola iliyokuwa kitini, na Rustin ndiye aliyemwahi kwa kelele. Fikirini hali ilivyokuwa: kiongozi anayehubiri amani mchana, na bastola kwenye kiti cha wageni usiku. Rustin alikaa na mwenyeji wake wakajadiliana kwa saa nyingi, akimweleza kwamba mwendo wa amani hauwezi kuwa mbinu ya barabarani pekee ilhali nyumbani kuna silaha. Baada ya muda bunduki zikaondolewa. Ninapozungumzia kuathiriwa, ndiyo maana yangu: kulikuwa na kitu juu ya kiti, na baadaye hakikuwapo tena.

Je, Rustin yuko katika orodha ya nani? Alikuwa shoga katika zama zisizomvumilia, na ujanani aliwahi kuwa katika umoja wa vijana wa kikomunisti, kwa hiyo hata wenzake katika harakati waliogopa kuonekana naye na kumsihi aondoke Montgomery kabla maadui hawajamtumia. Hata hivyo, tarehe 28 Agosti 1963, watu wapatao 250,000 walipokusanyika Washington kudai haki za watu weusi, aliyeratibu mabasi, vyoo, vipaza sauti na ratiba ya wasemaji alikuwa yeye. Sisi tunakumbuka hotuba ya King, na mtu wa vyoo tumemsahau. Na mimi, niliyeyajua haya yote, nilipopewa kalamu niliandika Gandhi na King bila kusita. Aibu ilioje!

Najua pingamizi litakalotolewa, na sina budi kulikubali, ingawa kwa shingo upande: kitabu nacho kinaweza kumgeuza mtu. Gandhi huyohuyo, mwaka 1904, alipewa na rafiki yake kitabu cha mwandishi Mwingereza John Ruskin akakisoma ndani ya treni kutoka Johannesburg kwenda Durban, na usiku ule hakulala. Haya, nimekubali. Ila tazameni alichokifanya baadaye: mwaka huohuo alianzisha makazi ya Phoenix karibu na Durban, akahamishia huko mtambo wa kuchapisha gazeti, na akataka kila mkazi, msomi au asiye msomi, afanye kazi ya mikono. Mimi nimesoma vitabu vilivyoninyima usingizi pia, lakini asubuhi niliamka, nikanawa uso, nikaendelea na mambo yangu.

Mtu aliyeandika orodha jinsi inavyopaswa kuandikwa, kwa maoni yangu, ni Marko Aurelio, kaizari wa Roma aliyefariki mwaka 180. Kitabu cha kwanza cha maandishi yake ya faragha hakina kingine ila majina ya watu, na kando ya kila mmoja, jambo alilojifunza kwake. Kinachonifurahisha ni udogo wa mambo hayo. Mwalimu mmoja wa lugha anatajwa kwa sababu alimfundisha kutowakemea watu wanaokosea matamshi. Mlezi wake wa utotoni, ambaye hata jina lake hakuliandika, anakumbukwa kwa kumzuia asiwe shabiki wa upande wowote katika mashindano ya magari ya farasi. Mtawala wa dola kubwa kuliko zote zilizomzunguka anakiri kwamba sehemu ya akili yake ilitengenezwa na mtu asiye na jina aliyemwambia, mtoto wewe, usishabikie.

Wapo pia wanaotuathiri bila kutaka. Frederick Douglass, Mmarekani aliyekuja kuwa mpiganaji mashuhuri dhidi ya utumwa, alipokuwa mtoto mtumwa, alianza kufundishwa herufi na mke wa bwana wake, mpaka bwana yule alipomkataza mkewe akisema kwamba mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Baadaye Douglass aliandika kwamba katika kujifunza kusoma anadaiwa na upinzani mkali wa yule bwana karibu sawasawa na wema wa bibi yule.

Habari hiyo ndiyo iliyonikumbusha mtu wangu, ambaye kwa hakika sikupenda kumkumbuka.

Nilipokuwa kijana nilikuwa katibu wa chama kidogo cha wafanyakazi, na kama ilivyo katika kila chama, tulikuwa na pande mbili. Mweka hazina alikuwa wa upande wetu. Upande wa pili alikuwapo mzee mmoja mpole, msema polepole, ambaye kila kikao alinyosha mkono kuuliza swali lilelile: stakabadhi za matumizi ziko wapi? Tulimcheka. Tulimwita jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Siku moja, nikiandaa muhtasari wa kikao, niliamua kwamba swali lake halina haja ya kuingia, nikaliacha. Sikuona kwamba nimedanganya, maana kila sentensi niliyoiandika ilikuwa ya kweli.

Kikao kilichofuata, muhtasari uliposomwa, mzee alinyosha mkono. Nilijiandaa kwa vita. Akasema, "Mwanangu katibu, nadhani swali langu limesahaulika. Naomba liingizwe kabla hatujathibitisha." Hakumtazama mtu mwingine wala hakuongeza neno. Nililiingiza mwenyewe, kwa kalamu, mbele ya watu wote, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Wenzangu wa upande wetu waliona nimewasaliti kwa kukubali upesi namna ile, na rafiki yangu mmoja hakunisalimu kwa mwaka mzima.

Stakabadhi, niwaambie tu, zilipatikana zote, na mweka hazina wetu alikuwa mwaminifu kuliko tulivyostahili. Jambo hilo linaniuma zaidi kuliko kama angekuwa mwizi, kwa sababu nililificha swali ambalo tulikuwa na jibu lake. Tangu siku hiyo, kila ninapokuta upande wowote wa siasa, hasa ule ninaoupenda, unahitaji swali fulani lisiandikwe ili hoja yake isimame, mimi hujitoa, na nimejitoa mara nyingi kiasi cha kuitwa kigeugeu. Msimamo huo sikuupata kwa Mandela wala kwa Nyerere. Ni kweli kwamba mwaka 1990 Nyerere, aliyeujenga mfumo wa chama kimoja, alisema hadharani kwamba kuujadili mfumo wa vyama vingi si uhaini, na nilipolisikia hilo nilifurahi sana. Ila nilifurahi kwa sababu mzee wangu alikuwa amekwisha kunifundisha kulifurahia.

Niliiomba ile fomu irudishwe. Mama nimembakiza, na safari hii yuko namba moja, pamoja na sababu yake: alizoea kuniomba radhi alipokosea, tangu nikiwa na umri wa miaka mitano, nami nikakua nikidhani kwamba watu wazima wote hufanya hivyo. Namba mbili nimemwandika yule mzee. Nafasi tatu zilizobaki nimeziacha wazi.

Juzi mhariri wa kijitabu amenipigia simu, akiwa na masikitiko ya dhati, kunieleza kwamba wasomaji hawatawafahamu watu hawa, na kuniuliza kama ninaweza angalau kupata picha ya huyo mzee ili ukurasa upendeze. Nilimjibu kwamba picha sina, na kwamba hata kama ningekuwa nayo, mwenye picha angetaka kujua kwanza nani ameidhinisha gharama za kuichapisha, na stakabadhi ziko wapi.