Subaru Si Yangu, Uchungu Ndio Wangu

Mimi sina Subaru. Nasema mapema, nisije nikaombwa lifti. Chombo changu ni tuktuk ya silinda moja, honi yake hulia ikipenda, na daraja la Nyali nalipanda nikiwa nimeinama mbele ili kuisaidia. Lakini tangu nianze kufuatilia habari za magari mapya ya mbio, jinsi bei zinavyopaa na wanunuzi wanavyopungua, nimekosa raha. Mama watoto ananiuliza, "Wewe yanakuhusu nini?" Mpira wa Uingereza naufuatilia miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama namiliki timu.

Yananihusu, tena sana. Hapa Kenya gari la mtumba haliruhusiwi kuingia likipita miaka 8. Kuanzia Januari 1, 2026 linaloshuka bandari ya Kilindini lazima liwe limesajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye, na usukani uwe kulia. Maana yake ni kwamba gari unalolitolea macho yadi leo, kuna Mjapani alilinunua jipya miaka ile, akalilipia, akalipiga pasi kila Jumapili, halafu akalichoka. Sisi ni watu wa bondeni. Maji aliyoyaogea wa mlimani ndiyo tunayofulia. Sasa wa mlimani ameacha kuoga, na huku bondeni tunacheka tu, tunaagiza chai.

Chukua Subaru WRX STI, ndoto ya kila barobaro kuanzia Likoni hadi Eldoret. Injini yake, EJ20, ilianza 1989. Mwaka 2019 Wajapani wakaiaga kwa toleo la mwisho la magari 555 tu, na hayo hayakuuzwa kwa kupanga foleni, yaliuzwa kwa bahati nasibu. Pesa unazo, nia unayo, na bado unaambiwa ngoja kura. Machi 2022 kampuni ikatangaza kwamba STI ya kizazi kipya yenye injini ya petroli haitatengenezwa. Basi piga hesabu: gari la 2019, sheria ya miaka 8. Mlango unafungwa huku tunauona, na sheria isipobadilika, mwaka 2027 STI ya 2019 itakuwa mzee asiyepewa viza.

Nissan GT-R nayo. Ilipotoka 2007 kule Japani ilianzia yen milioni 7.77. Agosti 2025 ya mwisho ilipotoka kiwandani Tochigi, ile ya bei ya chini kabisa ilikuwa imepita yen milioni 14. Na ni gari lile lile! Wamelipaka poda hapa na pale, lakini mwili ni ule wa 2007. Mimi katika miaka hiyo 18 nimebadilika sura mara kadhaa, nimeongezeka kitambi na miwani, na hakuna aliyenipandishia bei hata senti. Nauli ya hamsini wanataka iwe arobaini.

Nikadhani labda ni shida ya Wajapani. Nikamtumia ujumbe binamu yangu aliyeko Texas, anaendesha lori huko, nikamuuliza Mustang zinakwendaje. Alipoondoka hapa aliapa mbele ya mama yake kwamba hatarudi likizo bila picha ameegemea Mustang nyekundu. Akanijibu kwa sauti: "Kaka, Mustang nimeiona. Nimeisogelea. Nimesoma karatasi iliyobandikwa dirishani. Nimerudi kwenye lori."

Nikaenda kutafuta mwenyewe. Aprili 1964 Ford walipoizindua, bei ilianzia dola 2,368. Makarani waliinunua, walimu waliinunua, mpaka mwaka 1966 zikatengenezwa zaidi ya 600,000. Mwaka 2024, nchi ile ile, Wamarekani walewale wanaokula nyama kila siku, walinunua Mustang 44,003. Utaniambia dola ya 1964 si dola ya leo. Sawa, nimekusikia, usipige kelele. Ukiipandisha kwa mfumuko wa bei inafika kama dola 24,000. Leo ya kuanzia inapita 31,000, na yenye V8, injini ya silinda nane, ile yenyewe, ile inayomwamsha jirani, inapita 46,000. Kuna na nyingine inaitwa GTD inayopita dola 300,000, hiyo ni ya watu wanaojua ndege binafsi inaegeshwa wapi.

Binamu alijaribu mkopo. Wakamwambia miezi 84. Yaani mtoto anaanza darasa la kwanza, anamaliza la saba, baba bado analipa gurudumu la nyuma kushoto. Kisha akapigia watu wa bima. Walipomuuliza ni gari gani, akataja, simu ikanyamaza kidogo, halafu wakamtajia kiasi ambacho yeye alidhani ni cha mwaka. Kilikuwa cha mwezi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa mchezo. Wanauza chache kwa sababu ni ghali, na ni ghali kwa sababu wanauza chache. Kiwanda kimeona taabu ya nini kumbembeleza dereva wa lori, bora kitafute tajiri mmoja kimpe toleo maalumu lenye kibao cha namba kwenye dashibodi. Camaro, mpinzani wa Mustang, imeshamalizika, ya mwisho ilitoka mwishoni mwa 2023. Kule Ulaya Toyota GR86 iliuzwa miaka 2 tu, sheria mpya za usalama zikaifukuza sokoni. Na waliobaki na pesa zao wanataka magari marefu kwenda juu. Kila mtu siku hizi anataka kukaa juu! Hata huku Nyali, mtu anaishi mita mia mbili kutoka supamaketi, njia yote lami, lakini gari lake linaweza kuvuka Mto Tana mwezi wa Novemba.

Ila aibu kubwa ni hii ya Dodge, kampuni nyingine ya Kimarekani. Challenger na Charger za V8 walizisimamisha mwishoni mwa 2023, wakaleta Charger Daytona ya umeme. Gari la umeme halina mlio, na mtu wa Charger bila mlio ni bubu harusini. Wakafanyaje? Wakalifungia spika. Spika, jamani, za kuigiza mlio wa injini! Hii teknolojia sisi tunayo toka zamani, inaitwa matatu, lakini zetu angalau hupiga muziki. Wateja wakaangalia, wakasikiliza, wakaondoka, mpaka kampuni ikabidi iharakishe ile ya petroli ya silinda sita iliyokuwa imeshaitangaza.

Turudi nyumbani kwenye uchungu wenyewe. Kuna abiria wangu mmoja, mzee wa makamo, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Tukikwama kwenye foleni hupenda kunifundisha kodi, nadhani ni sadaka yake. Juzi alichukua bahasha, akaandika juu ya goti. "Tuseme gari thamani yake ni 100. Ushuru wa forodha asilimia 35. Imekuwa?"

"Mia na thelathini na tano, mzee."

"Sasa ushuru wa bidhaa, asilimia 25. Lakini si ya ile 100. Ni ya hii 135."

"Ya hii yenye ushuru tayari?"

"Ndiyo. Halafu VAT, 16, juu ya zote." Akapiga mstari chini: karibu 196. "Na bado hujalipa ada ya tamko la kuagiza na tozo ya reli."

"Mzee, tozo ya reli ya nini? Gari si litajiendesha lenyewe?"

Akanitazama kwa huruma, akaongeza na la kuumiza zaidi. Hiyo 100 yenyewe si pesa uliyomlipa Mjapani. Watu wa kodi wana orodha ya bei za magari yakiwa mapya. Wanatazama bei ya jipya, wanapunguza uchakavu kwa miaka, ndipo wanaanza kukutoza. Hebu soma tena hapo. Gari jipya likipanda bei, na mtumba wangu, ambao sijaununua na wala sina mpango, unapanda kodi. Mtu wa Tokyo anaongezewa bei ya gari asilolitaka, mimi wa Kisauni naumia kwa gari nisiloliweza. Utandawazi ndio huo.

Halafu Mmarekani, aliyekataa Mustang yake mwenyewe, amekuja kugombania vya Japani. Sheria yao inataka gari lisilotengenezwa kwa soko lao litimize miaka 25 ndipo liingie bila masharti mengi. Nissan Skyline GT-R R34 za 1999 zilipotimiza miaka hiyo 2024, walikuwa wanazisubiri na kalenda mkononi. Mimi gari likifika miaka 9 naambiwa limezeeka, linachafua hewa. Mwenzangu likiwa na miaka 24 anaambiwa bado bichi, asubiri liive. Bahari ni moja, hewa ni moja, na gari ni moja.

Sasa mtu ataniuliza, kwani Subaru kitu gani? Huyo hakuwa hapa 1997, Colin McRae alipochukua Safari Rally na Impreza ya buluu yenye matope mpaka kwenye paa. Mtaani kwetu kila baiskeli ilipakwa rangi ya buluu. Iliyobaki nyekundu ilikuwa ya posta. Rafiki yangu alichora 555, namba ya wadhamini iliyokuwa kwenye gari la McRae, kwenye mkokoteni wa maji, akawa anakata kona na madumu yanamwagika, na wateja wakamlipa nusu. Toyota wametawala Naivasha tangu Safari irudi kwenye mashindano ya dunia 2021, hongera zao, lakini mapenzi ya utotoni hayaangalii matokeo.

Ndiyo maana kila nikishusha abiria upande wa Nyali nasimama mbele ya yadi moja. Kuna STI pale, ya 2019, nyeupe, spoila yake unaweza kuanikia nguo za familia nzima. Bei imeandikwa kwenye kioo kwa kalamu nyeupe, tarakimu saba, na ya kwanza si moja wala mbili. Imekaa miezi. Paka wa jirani ameshaifanya makao, chini ya bampa pana kivuli kizuri. Kijana wa mauzo kwanza alikuwa ananiita "bosi". Baadaye akaanza kuniita "mzee". Siku hizi ananiita "wewe tena".

Wiki iliyopita nikamwona anatoka mbio, tai imerukia begani. "Wewe tena! Njoo, njoo haraka!" Moyo ukanipasuka, nikadhani wanagawa. Kumbe amepata mteja, bwana mmoja ana fulana ya buluu na kofia ya buluu, amekuja kusikia injini. Na gari halingurumi. Nguvu ya farasi zaidi ya 300, turbo, gia sita za mkono, na betri imekufa kwa kukaa. Ufunguo ukizungushwa linasema "tik". Tuktuk yangu yenyewe hulia zaidi ya hapo.

"Kimbia kwa fundi uniletee betri," akaninong'oneza. "Nauli yako utapata."

Nikaenda. Sijawahi kuendesha namna ile. Nilikata kona ya msikiti kwa magurudumu mawili, muuza mahamri akashika meza yake, fundi akanipa betri na nyaya bila kuuliza maana aliona uso wangu. Nikarudi nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga. Mteja alikuwa bado yuko, anapangusa vumbi kwenye spoila kwa kidole kimoja, taratibu. Tukafunga nyaya. Kijana akazungusha ufunguo.

Ikaitika. Ule mlio wa kukohoa kwa mdundo, bado upo! Paka alitoka chini ya bampa akapita juu ya ukuta bila kuugusa. Mteja akafumba macho. Mimi nikashika nguzo. Kijana akakanyaga mafuta kidogo, ekzosi ikabwata, na mama mmoja aliyekuwa anapita akatutukana vizuri kabisa, kwa Kiswahili cha zamani.

Mteja akatoa simu, akapiga magoti nyuma ya gari, akarekodi. Akaomba likanyagwe tena. Likakanyagwa. Akarekodi tena, upande wa pili. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akamshika kijana mkono kwa heshima zote, akasema ahsante sana, ataongea na mke wake.

Kijana akabaki amesimama na ufunguo. Nikamwuliza nauli, akaniambia gari likiuzwa.

Mteja akapanda tuktuk yangu, hamsini hadi Buxton. Njiani alikuwa kimya, anabonyezabonyeza simu. Tukafika darajani, nikainama mbele kama kawaida, mara nyuma yangu STI ikanguruma, kubwa, imejaa, mpaka nikasogea kando kuipisha. Ikanguruma tena. Nikatazama kioo, barabara tupu.

"Mke wangu huyo anapiga," akasema, akaiacha ilie mpaka ikakatika yenyewe.