Atalala Wapi Mtoto wa Nahodha? Boti za Kukodi katika Visiwa vya Virgin

Kwenye baadhi ya katamarani (boti zenye matumbo mawili yaliyounganishwa) zinazokodishwa pamoja na mabaharia wake huko Tortola, katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, chumba cha nahodha kiko omoni, mbele kabisa ya chombo. Hakina mlango. Unainua kifuniko kilicho juu ya sitaha, unashuka ngazi fupi, na umeshafika kitandani. Kitanda chenyewe ni chembamba, ubavu wake mmoja umegusa ukuta wa chombo. Mvua ikinyesha, kifuniko hufungwa na joto linabaki humo humo pamoja nawe. Vyumba vyenye nafasi na madirisha ni vya wageni, kwa sababu wao ndio waliolipa.

Wanaoisifia kazi ya unahodha wa boti za kukodi kuwa inafaa hata kwa mwenye familia huanza na bahari. Mimi nimeanza na chumba hicho kwa sababu swali la familia linakwama hapo: mtoto atalala wapi?

Sifa zenyewe zina ukweli, na nisingependa kuzipunguza. Mlango wa bahari wa Sir Francis Drake umezungukwa na visiwa vinavyovunja mawimbi. Kutoka Tortola unakiona kisiwa cha Norman, unakiona cha Peter, na Virgin Gorda iko mbele yako. Upepo wa mashariki huvuma miezi mingi bila kugeuka, na chombo kikitoka asubuhi kinatia nanga kabla ya alasiri. Ni kisiwa cha Anegada tu, kilicho chini sana na kuzungukwa na miamba ya matumbawe, kinachomlazimu nahodha kukaza macho. Ndiyo maana biashara ya kukodisha boti ilishika mizizi hapa. Kampuni ya The Moorings ilianzishwa Tortola mwaka 1969 ikiwa na boti sita, na leo visiwa hivi ni miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya kukodi boti za matanga duniani.

Kwenye boti za wiki nzima, kazi kwa kawaida hufanywa na wawili, wapenzi au mke na mume: mmoja nahodha, mwingine mpishi. Wageni wanane kwenye katamarani ya futi 50 wanaweza kulipa zaidi ya dola 20,000 kwa wiki, chakula na vinywaji ndani yake. Bakshishi iliyozoeleka ni asilimia 15 hadi 20 ya bei hiyo. Nahodha na mpishi hawalipi kodi ya nyumba, na wageni wakiwemo hata chakula hawanunui. Vijana wawili wenye bidii wanaweza kutoka kwenye msimu wa Novemba hadi Aprili na akiba ambayo mishahara ya nchi kavu isingewapa. Tena wako pamoja. Mabaharia wengi wa meli za mizigo huondoka nyumbani miezi sita au tisa, kwa hiyo kufanya kazi na mwenzi wako jiko moja na usukani mmoja si jambo dogo.

Lakini fuata wiki hiyo kwa saa zake. Wageni wanashuka saa sita mchana. Kuanzia hapo kuna mashuka ya vitanda vinne, vyoo, mafuta, maji, jenereta ya kukaguliwa, na mikokoteni ya vyakula vya kupakia na kupanga. Kesho yake mchana wengine wanapanda, na lazima wakute sura zilizopumzika. Usiku, upepo ukibadilika, nahodha anainua kile kifuniko saa nane, anamulika kamba ya boya kwa tochi, anatazama umbali wa boti ya jirani, kisha anarudi kulala na sikio moja wazi. Wawili hawa wakigombana hawana pa kugombania. Wananong'ona jikoni huku wakitabasamu.

Halafu kuna tajiri wa chombo. Mara nyingi nahodha si mwenye boti, na boti ikiuzwa, kazi na nyumba vinaondoka siku moja. Akiwa ndiye mwenyewe, basi hatari yote ni yake. Tarehe 6 Septemba 2017 kimbunga Irma, cha daraja la tano, kilipita juu ya visiwa hivi. Boti zilizokuwa zimefungwa pamoja katika ghuba ya Paraquita, mahali pa kujifichia vimbunga miaka yote, zilirundikana juu ya mikoko kama kuni. Kampuni kubwa ilileta boti mpya. Familia yenye boti moja ilipoteza kazi, nyumba na vyombo vya jikoni kwa mpigo.

Bima nyingi humtaka mwenye boti ashuke kusini kabla ya msimu wa vimbunga, kuelekea Grenada. Hilo nalo si kinga kamili: kimbunga Ivan kiliipiga Grenada mwaka 2004, na tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kikatua Carriacou, kisiwa cha nchi hiyo hiyo, ambako boti nyingi zilikuwa zimekimbilia kwenye mikoko ya Tyrrel Bay.

Mtu atasema familia nyingi huvuka bahari na watoto wao wakikua vizuri. Ni kweli, lakini hao wanasafiri kwa fedha zao, kwenye vyumba vyao. Mtoto wao analia bila kumkera mteja. Kwenye boti ya kukodi ya wiki nzima hakuna kitanda cha mtoto wala saa ya masomo, na mgeni aliyelipa kiasi kile hakuja kulea. Ndiyo maana wengi wanaoifanya ni wapenzi wasio na watoto, na ujauzito mara nyingi ndio barua ya kuacha kazi. Kuna wanaompeleka mtoto kwa bibi yake ng'ambo. Kwangu hapo hesabu ya akiba imeshapoteza maana.

Kwa hiyo naegemea upande usiopigiwa picha sana: nahodha wa safari za siku moja. Huyu anaishi nchi kavu, pengine St. Thomas au St. John, katika Visiwa vya Virgin vya Marekani vilivyo jirani. Akiwa na leseni ndogo ya huko anaruhusiwa kuchukua abiria sita wanaolipa. Anaondoka asubuhi, anawavusha upande wa Uingereza, kwenye miamba mikubwa ya The Baths huko Virgin Gorda au kuwatembeza kisiwa cha Jost Van Dyke, na jioni anaosha chumvi sitahani. Kisha anarudi kula na wanawe. Kwa siku anapata pungufu, lakini anajua mwalimu wa mtoto wake anaitwa nani. Kimbunga kikija ana paa jingine, hata kama nalo litang'olewa.

Shida ni kwamba huyu ndiye anayebanwa sasa. Njia yake inakata mpaka: kila safari ya kuvuka ina forodha, uhamiaji na ada. Mwaka 2025 serikali ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza ilipandisha sana ada za boti za kukodi zenye makao nje ya visiwa hivyo, na manahodha wa upande wa Marekani wakalalamika kwamba hazibebeki. Naielewa serikali. Maji ni yake, maboya na fukwe zinachakaa, na boti za nje zilikuwa zikivuna huku fedha zikilala ng'ambo. Manahodha wazawa wa Tortola wana haki ya kutangulia kwao.

Hata hivyo, ada inayoweza kumezwa na mwenye boti ishirini inaweza kumtoa majini mwenye boti moja, na huyo hana wiki ya dola 20,000 ya kuifidia. Kupima ada kwa idadi ya boti ambazo mtu anamiliki, pamoja na mahali boti inapolala, kungelinda maji ya Tortola bila kumrudisha nahodha wa familia kwenye kile chumba cha omoni.