Nani Mwenye Dawa za Akili?

Swali hilo sikulitunga mimi. Nimelisikia wiki iliyopita kwa masikio yangu, likitoka nyuma ya kaunta ya famasi kwa sauti ya mtu anayenadi, na foleni nzima ikageuza shingo kumtafuta mwenye mali. Kijana mmoja mbele yangu alishaanza kuinua mkono. Ulipofika usawa wa kidevu ukabadili nia, ukaishia kukuna ndevu. Zamu yake ilipofika akaomba plasta, akalipa, akatoka. Pakiti ikabaki pale kaunta na jina lake kamili juu yake, jina ambalo mtoa dawa angeweza kulisoma.

Ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mtoa dawa, kulikuwa na bango la afya ya akili. Zuri, limebandikwa sawasawa, halijapinda hata kidogo. Ikifika Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, nadhani litaongezewa na puto.

Najua mtasema wapewe semina. Semina wanazo, na vyeti wanavyo. Yule dada ukimkurupusha usingizini usiku wa manane atakutajia dawa za sonona kundi kwa kundi. Famasia ameisoma akaiva. Kuongea na mtu anayezimeza hizo dawa ndiko alikoachiwa ajiokotee mwenyewe njiani.

Kuna watakaoniambia haya ni mambo ya adabu tu, tusikuze. Basi ngoja niwaambie kuhusu mdogo wangu.

Mdogo wangu anatumia lithiamu kwa ajili ya baipola, ule ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hisia juu kupita kiasi kisha unamshusha chini. Dawa hii, kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru pana upenyo mwembamba sana: kwa wagonjwa wengi damu inatakiwa iwe na milimoli 0.6 hadi 1 za lithiamu kwa lita, na ikivuka 1.5 mambo yanaanza kuharibika. Siku moja jino likamuuma. Akaingia famasi, akaomba dawa ya maumivu, akapewa ibuprofeni. Sasa ibuprofeni inazifanya figo zichelewe kuitoa lithiamu, nayo inarundikana mwilini. Hilo si siri, limo vitabuni, na aliyemuuzia bila shaka alilijibu kwenye mtihani akapata alama zake zote.

Siku ya 5 mdogo wangu alishindwa kufunga vifungo vya shati. Vidole vilikuwa vinacheza. Nikamfungia mimi, tukataniana kidogo. Siku ya 7 ulimi ulikuwa mzito, anatembea kwa kushika ukuta, na mtu mmoja akanivuta pembeni kunishauri nimkanye huyu kijana na pombe. Hajawahi kunywa pombe. Hospitalini wakapima damu, wakamtundikia dripu, wakatuambia tumshukuru Mungu kwa ajili ya zile figo.

Alipopata nafuu nikamfokea: kwa nini hukumwambia mwenye famasi unatumia nini?

"Aliniuliza," akasema. "Lakini kaka, palikuwa na watu."

Aliulizwa! "Kuna dawa nyingine unatumia?" Swali sahihi kabisa, kama linavyofundishwa, limerushwa juu ya mabega ya watu wawili huku macho ya muulizaji yakiwa kwenye kompyuta. Akajibu hapana. Wewe ungejibu nini?

Kwa hiyo anayeniwekea heshima ya mgonjwa kapu hili na usalama wa dawa kapu lile, namwomba anieleze lile jino liingie kapu gani. Mdogo wangu alidanganya kwa sababu kaunta haikumwachia nafasi ya kusema kweli, na yule mfamasia akauza sumu huku amefuata utaratibu.

Ninachotaka ni mazoezi ya mdomo. Wasimame wawili wawili, mmoja mgonjwa mmoja mtoa dawa, wakosee, wacheke, warudie. Na wa kuwasahihisha awe mtu anayezimeza dawa hizo, maana slaidi haijawahi kuona aibu kwenye foleni. Wapo waliofanya hivi: Chuo Kikuu cha Sydney wanafunzi wa famasia wamewahi kufundishwa na watu wanaoishi na magonjwa ya akili. Ni Australia hiyohiyo ambako Betty Kitchener na Anthony Jorm walianzisha mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili mwaka 2000, na hayo kiini chake ni kumkaribia mtu na kumsikiliza kabla hujaanza kumshauri.

Mpeni mdogo wangu dakika 10 na hao wanafunzi. Atawaambia: nisogeze pale mwisho wa kaunta. Shusha sauti. Usiniulize natumia nini. Niambie, "Hii ya maumivu inagombana na dawa kadhaa, kuna za presha, za kuzuia damu kuganda, lithiamu," halafu nipe orodha uone kama sitaigusa kwa kidole. Hakuna aliyetajwa, na foleni haijaambulia kitu.

Na yule anayeanza fluoksetini, dawa ya sonona? Kichefuchefu na kukosa usingizi huja wiki ya kwanza. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Hapo katikati ndipo wengi wanapozitupa, na daktari miadi yake ni mwezi ujao. Mtoa dawa angemwambia hivyo siku ile anamkabidhi pakiti, mambo mangapi yangeepukika.

Kuhusu kujiua sitasema mengi. Watoa dawa wamuulize mgonjwa waziwazi, kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Jimbo la Washington kule Marekani limewawekea wafamasia mafunzo ya lazima ya kuzuia kujiua, na sijasikia famasi zake zimefungwa kwa kukosa muda.

Haya, nakubali, kwa shingo upande. Ni wachache, wanasimama kutwa nzima, wanatukanwa na watu wa aina yangu, na baadhi yao wanameza dawa hizohizo kwa siri kuliko sisi. Si wanasaikolojia, na wala sitaki wawe. Lakini kumsogeza mtu hatua mbili pembeni kunahitaji shahada ya nani?

Juzi nilirudi palepale kwa shida zangu nyingine. Nyuma ya kaunta, kwenye kikapu chini ya rafu, nikaiona ile pakiti. Nikamuuliza yule dada kama yule kijana alirudi kuichukua.

"Yupi?" akasema.