Gari dogo na barabara za vumbi za Usambara

Mgeni anayeuliza namna ya kufika Mtae kutoka Lushoto, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, hujibiwa mara nyingi kwamba asithubutu kwenda bila Land Cruiser. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini hutolewa kando ya barabara ileile ambayo Noah na magari mengine ya kawaida huipita yakiwa yamebeba watu, karoti na kabichi, nami naona magari hayo na madereva wake hawajatendewa haki.

Wanaoonya wana hoja. Udongo wa milima ile ukinyeshewa masika huteleza kama sabuni, na gari linalovutwa na magurudumu mawili, moja likikosa mshiko, husimama papo hapo huku tairi likizunguka bure. Tena gari dogo liko chini: jiwe moja lililochomoza katikati ya njia linatosha kupasua sampu, yaani chombo cha oili chini ya injini, na kumwaga oili yote. Ndiyo maana kushuka kreta ya Ngorongoro kunaruhusiwa kwa foo-wili pekee, yaani magari yanayovutwa na magurudumu yote manne kama Land Cruiser, na sharti hilohilo lipo katika njia ya Sani, inayopanda kutoka Afrika Kusini kuingia Lesotho hadi zaidi ya mita 2,800. Masharti hayo siyapingi.

Lakini foo-wili husaidia kuvuta. Kusimamisha gari ni kazi ya breki, na kila gari, liwe Probox au Land Cruiser, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Chukua Noah iliyojaa abiria na mizigo, yenye uzito wa tani 2 hivi, inayoshuka kutoka Lushoto hadi Mombo, takribani mita 1,000 chini yake. Iwe lami, iwe vumbi, nguvu ya mshuko huo hugeuka joto, na joto hilo, ukilipigia hesabu, lingetosha kuchemsha karibu ndoo tatu za lita 20 za maji. Nimeirudia hesabu hiyo mara kadhaa, na kila mara inanitisha. Dereva anayeshuka kwa gia namba moja au mbili huiachia injini sehemu kubwa ya kazi hiyo. Anayeshuka kwa namba nne, mguu ukiwa juu ya breki, huzitwisha breki karibu mzigo wote, hadi zinapata moto na kukataa kushika. Gari zito zaidi huzalisha joto zaidi. Kweli, foo-wili nyingi zina gia ya ziada ya kutambaa mteremkoni, nayo ni faida kubwa, ila haimfai dereva asiyeitumia.

Mtazame dereva wa Noah anapofika kwenye kona iliyochimbwa na maji. Husimama, hushuka, huupima mfereji kwa macho, kisha hupitisha tairi moja ukingoni na jingine juu ya tuta la katikati ili tumbo la gari lisiguse. Abiria huteremka na kupanda kwa miguu, konda akifuata nyuma na jiwe mkononi, tayari kulizuia tairi. Baada ya dakika chache wote wamo ndani tena. Ujuzi huo haukodishwi pamoja na Land Cruiser.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza aina ya gari, ningeuliza mvua imenyesha lini, limebeba nini, na nani anaendesha. Ikiwa imenyesha usiku kucha, ningemshauri mwenye gari dogo asubiri jua likaushe njia. Ninachohofia ni kwamba barabara ikishaitwa ya foo-wili, mfereji ulioziba hauonekani tena kuwa kasoro, ilhali mkulima wa kule juu hana uwezo wa kukodi Land Cruiser na bado analazimika kufikisha mazao yake sokoni. Tangu 2017 barabara nyingi za vijijini ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na kalavati likizibuliwa kabla ya masika, maji hupita chini ya barabara badala ya kuichimba pale pale ambapo Noah ingekwama.